Je, Wajua? Bethidei, sikukuu na kalenda iliyo mfukoni

Je, wajua kwamba mtu aliyezaliwa tarehe 29 Februari anaweza kupongezwa siku tatu tofauti, kulingana na programu ya kalenda aliyonayo anayempongeza? Kanuni inayofuatwa na kalenda nyingi duniani inaitwa iCalendar. Toleo lake la mwaka 2009, waraka uitwao RFC 5545, linasema wazi kwamba tukio la kujirudia likiangukia tarehe isiyokuwepo, lirukwe na wala lisihesabiwe. Programu inayotii neno kwa neno itamkumbuka aliyezaliwa 29 Februari 2004 mwaka 2008, halafu 2012, halafu 2016, na katikati ni kimya. Outlook ya Microsoft haikubali kimya hicho. Hurudi hadi siku ya mwisho ya mwezi, yaani tarehe 28. Google nao, tukio likiwa la aina ya siku ya kuzaliwa, huandika ndani kwa ndani kwamba sherehe ni siku ya mwisho ya Februari, iwe ni ya 28 au ya 29. Na wanaotaka 1 Machi? Hao walifikiriwa Mei 2015, pale Cyrus Daboo na Gregory Yakushev walipotoa RFC 7529, nyongeza inayomruhusu mwandishi wa kalenda kuchagua: tarehe irukwe, irudishwe nyuma, au isogezwe mbele.

Sheria za nchi nazo hazielewani katika hili. Kijana wa England aliyezaliwa 29 Februari hutimiza miaka 18 tarehe 1 Machi. Mwenzake wa New Zealand huitimiza tarehe 28 Februari, siku moja mapema.

Wajua kwamba mwaka 2100 hautakuwa mrefu? Mwaka wa karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400, ndiyo maana 2000 ulikuwa na 29 Februari na 2100 hautakuwa nayo. Atakayezaliwa 29 Februari 2096 ataisubiri tarehe yake hadi 2104, miaka minane mizima.

Mwaka 1900 pia haukuwa mrefu, ila Excel inaamini ulikuwa. Andika 29/2/1900 katika kisanduku chochote na Excel itaipokea bila kuuliza. Kosa hilo lilianzia kwa programu ya Lotus 1-2-3, na Microsoft wakalichukua kwa makusudi ili majedwali ya wateja wa Lotus yasivurugike. Katibu wa kikundi anayetunza bethidei za wanachama kwenye Excel hana haja ya kukosa usingizi. Mwenye kazi ni yule anayeingiza kumbukumbu za ubatizo za misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868: Excel haitambui tarehe yoyote ya kabla ya 1900, na kila atakachoandika cha karne ile kitakaa kama maneno matupu yasiyoweza kuhesabiwa umri.

Je, wajua kwamba simu yako haihifadhi bethidei themanini za babu? Inahifadhi tarehe moja tu, ile ya kwanza, pamoja na mstari mmoja wa amri: FREQ=YEARLY, rudia kila mwaka. Ukifungua kalenda na kusogea hadi 2050, programu hukokotoa papo hapo na kukuchorea. Ndiyo sababu tukio la kila mwaka halijazi simu, na ndiyo sababu pia kosa moja dogo katika ule mstari huonekana kila mwaka, mbele na nyuma.

Faili la .ics unalotumiwa kwa barua pepe ni maandishi ya kawaida kabisa. Lifungue kwa programu yoyote ya kuandikia na utasoma kila kitu: linapoanzia, linapoishia, jina la tukio, tarehe, amri ya kurudia. Mtindo huo ulitokana na vCalendar ya mwaka 1996, kazi ya muungano ulioitwa Versit ambamo walikaa pamoja Apple, AT&T, IBM na Siemens. Miaka miwili baadaye, Novemba 1998, ikatoka iCalendar ya kwanza, RFC 2445. Waandishi wake walikuwa Frank Dawson wa Lotus na Derik Stenerson wa Microsoft, kampuni mbili zilizokuwa zikinyang'anyana wateja wale wale wa maofisini. Wakati mwingine washindani hukubaliana kwa sababu hakuna anayetaka kukosa mkutano.

Ndani ya waraka wenyewe mna mfano wa tukio la kila mwaka. Ni kumbukumbu ya siku ya furaha ya watu wawili, tarehe 2 Novemba 1997, imewekewa amri ya kurudia kila mwaka, imeandikwa kwamba haimzuii mtu kufanya kazi zake siku hiyo, na imepigwa alama ya siri. Mhandisi aliyeutunga mfano huo bila shaka alikuwa mtu wa ndoa.

Wajua kwamba kukumbushwa na kompyuta kulianza kabla ya simu za mkononi kuenea? Unix ya Toleo la 7, mwaka 1979, ilikuwa na amri inayoitwa calendar. Mtumiaji aliandika tarehe zake kwenye faili, mstari kwa mstari, na kila siku amri hiyo ilimtolea mistari ya leo na ya kesho. Siku ya Ijumaa ilikwenda mbali zaidi na kumwonyesha hadi Jumatatu, kwa kuwa ilijua wikendi hayupo ofisini. Programu nyingi za leo hazina adabu hiyo.

Katika familia hiyo hiyo ya Unix kuna amri ya cal. Iagize ikuchapie Septemba 1752 na utapata mwezi wenye siku 19: tarehe 1, tarehe 2, kisha 14. Ni mwaka ambao Uingereza na makoloni yake walihamia kalenda ya Gregori na kufuta siku 11. George Washington alizaliwa 11 Februari 1731 kwa hesabu ya zamani, ambayo mwaka wake mpya ulianza 25 Machi. Kwa hesabu mpya ni 22 Februari 1732. Siku ikahama na mwaka ukahama. Sweden walifika mbali zaidi katika kubahatisha kwao: mwaka 1712 walikuwa na tarehe 30 Februari. Simu yako haijui lolote kati ya haya. Yenyewe huirudisha kalenda ya Gregori nyuma hadi miaka ambayo Waingereza na Waswidi hawakuwa wakiitumia.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo amri ya "rudia kila mwaka" inaposhindwa kabisa.

Je, wajua kwamba Mwaka Kogwa wa Makunduchi hauendani na kalenda ya simu hata ukiiweka kwa uangalifu gani? Sikukuu ile ya kusini mwa Unguja, ya kupigana kwa mabua ya migomba na kuchoma kibanda cha makuti, husimama juu ya hesabu ya Nairuzi iliyofika pwani kutoka Uajemi. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili. Umegawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha zinabaki siku tano. Hauna siku ya nyongeza, hauna Februari ndefu. Manahodha waliutumia kuhesabu misimu ya pepo na wakulima kujua wakati wa kupanda, na kwa kazi hiyo siku kumi kumi zinatosha sana.

Matokeo yake ni kwamba kila ipitapo miaka minne, Nairuzi hurudi nyuma siku moja katika kalenda ya ukutani. Mtu akiiweka leo kwenye simu kwa amri ya kila mwaka, mjukuu wake atakayerithi kalenda hiyo atakuwa amechelewa kwa wiki nzima na zaidi. Amri sahihi ipo na ni fupi: FREQ=DAILY;INTERVAL=365, yaani rudia kila baada ya siku 365. Kanuni ya iCalendar inairuhusu. Binafsi naona inafurahisha kwamba kalenda ya mabaharia inaandikika kwa amri rahisi kuliko Pasaka, ambayo imewashughulisha wanahesabu wa Kanisa tangu Mtaguso wa Nikea mwaka 325.

Idd ni habari nyingine. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka sikukuu husogea nyuma kwa siku 10 hadi 12. Ukiweka Idd el Fitri ya mwaka huu kwa amri ya kila mwaka, mwakani utaamka ukiwa umevaa kanzu mpya peke yako. Wajua kwamba mwaka 2030 utakuwa na mwanzo wa Ramadhani mara mbili, mmoja Januari na mwingine Desemba? Na kwamba mwaka 2033 utakuwa na Idd el Fitri mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine wiki ya Krismasi? Si mara ya kwanza. Mwaka 2000 ulikuwa hivyo, Januari na Desemba.

Programu huonyesha Idd kwa kukokotoa, na mahesabu yako ya namna kadhaa. Yanayojulikana zaidi ni ya Umm al-Qura ya Saudi Arabia. Mwezi unaotafutwa kwa macho kule Lamu au Pemba hausomi programu. Ndiyo maana baadhi ya kalenda huongeza neno la tahadhari pembeni ya Idd, kwamba tarehe inaweza kubadilika. Njia ya busara ni kujiunga na orodha ya sikukuu inayosahihishwa na watu kila mwaka, badala ya kuiandika mwenyewe.

Na umri? Mzee aliyetimiza miaka 64 kwa kalenda ya ukutani anakaribia 66 kwa Hijria. Akikuambia amekuzidi kwa miwili zaidi ya unavyodhani, usibishane naye.

Haraka haraka: nyongeza ile ya 2015 iliruhusu pia kalenda nyingine kujirudia kwa mwaka wake wenyewe. Mwaka Mpya wa Kichina sasa unaandikika kwa mstari mmoja. Bethidei ya mtoto wa Addis Ababa aliyezaliwa Pagume, mwezi wa 13 wa Ethiopia wenye siku tano au sita, inaandikika. Ya Myahudi aliyezaliwa katika mwezi wa ziada, unaokuja mara 7 katika kila miaka 19, inaandikika. Kuandikika ni jambo moja, na simu kuelewa ni jingine. Programu nyingi hazijaifuata nyongeza hiyo.

Aliyewatangulia waandishi wa nyongeza hiyo ni Edward Reingold, aliyeandika kalenda ya programu ya Emacs. Kalenda hiyo hutambua tarehe za Kiislamu, Kiyahudi, Kikopti, Kiethiopia, Kimaya na hata za Mapinduzi ya Ufaransa, na ukiandika mwaka wa kuzaliwa, kila bethidei inakuambia mtu anatimiza mingapi. Mwaka 1997 yeye na Nachum Dershowitz walitoa kitabu kizima cha hesabu za kalenda, na watengenezaji wa programu wanakichungulia hadi leo.

Je, wajua kwamba amri ya kujirudia haina neno la kusema moja kwa moja "ikiangukia Jumapili, isogeze Jumatatu"? Kenya inayo sheria hiyo, Sura ya 110. Mashujaa ya 2024, tarehe 20 Oktoba, iliangukia Jumapili na watu wakapumzika Jumatatu ya 21. Madaraka ya 2025, tarehe 1 Juni, nayo Jumapili, mapumziko yakawa tarehe 2. Amri ya iCalendar inaweza kutaja Alhamisi ya nne ya Novemba kwa ajili ya Wamarekani na sikukuu yao ya shukrani. Inaweza hata kutaja siku yao ya kumchagua rais, Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, kila baada ya miaka minne. Mfano huo umo ndani ya waraka wenyewe wa iCalendar. Lakini neno "ikiwa" haina. Kwa hiyo sikukuu za Kenya kwenye simu yako yaelekea zimeandikwa moja moja na mtu fulani aliyekaa na orodha.

Majina nayo hubadilika. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa Moi Day, ikawa Siku ya Utamaduni, sasa ni Siku ya Mazingira. Ukibadilisha jina la tukio la kujirudia, programu hukuuliza: tukio hili, hili na yanayofuata, au matukio yote? Wengi hubonyeza "yote" kwa mazoea, na kwa kubonyeza huko wanaiandika upya historia, hata mwaka 1995 unageuka kuwa wa Mazingira. Ukichagua "hili na yanayofuata", kinachotokea nyuma ya pazia ni kwamba mfululizo wa zamani unakatwa kwa kuwekewa tarehe ya mwisho, kisha mfululizo mpya unaanza. Chaguo hilo ndilo linalofaa pia pale mtu anapofariki. Bethidei zake zilizopita zinabaki mahali pake, za mbele zinakoma, na familia ikitaka inaweka kumbukumbu ya kifo kama tukio jipya la kila mwaka. Kuna jambo moja la kuangalia: kama bethidei ilitoka kwenye orodha ya majina ya simu, haikatiki kwa kuifuta kwenye kalenda tu. Lazima tarehe iondolewe kwenye jina lenyewe, la sivyo mwakani simu itaita tena.

Wajua kwa nini bethidei ya shangazi iliyoandikwa Nairobi inaweza kuonekana siku moja nyuma? Hapa tukae kidogo, kwa sababu malalamiko haya ni mengi.

Kanuni inasema bethidei iandikwe kama tarehe tupu, bila saa. Tarehe tupu haina mji. 12 Mei ni 12 Mei, uwe Mombasa, Muscat au Minneapolis. Tatizo huanza pale mtengenezaji wa programu anapoihifadhi kama saa sita ya usiku. Saa sita usiku wa kuingia 12 Mei Nairobi ni saa tatu usiku ya 11 Mei kwa saa za dunia, kwa kuwa Afrika Mashariki iko saa tatu mbele. Programu ikiikata saa na kubakiza tarehe, shangazi amezaliwa 11. Wakifanya kinyume, wakahifadhi saa sita ya usiku ya saa za dunia, Nairobi wataona sawa, maana kwao ni saa tisa alfajiri ya 12. Ila mpwa aliye Minneapolis ataona 11, jioni. Hivyo mtu wa Afrika Mashariki hulipata kosa la kwanza na wala hajui la pili lipo, na ndugu yake wa Marekani ni kinyume chake. Wakipigiana simu kulaumiana, kila mmoja ana ushahidi mkononi.

Outlook ina mtindo wake wa siku nyingi: tukio la siku nzima huhifadhiwa kama saa 24 kuanzia usiku wa manane wa mahali lilipoandikwa. Ukisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Muscat, saa moja mbele, bethidei inaweza kutanda juu ya siku mbili. Huna haja hata ya kuvuka bahari. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kanda mbili za saa ndani ya nchi moja: Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa.

Kompyuta hujua saa za miji kwa kutumia kanzidata iliyoanzishwa na Arthur David Olson, ambayo sasa inatunzwa chini ya shirika la IANA. Humo, Dar es Salaam na Kampala hazina mstari wao, zinaelekezwa Nairobi. Kanzidata hiyo inakumbuka hata kwamba Nairobi iliwahi kuwa saa mbili na dakika 45 mbele ya saa za dunia, enzi za ukoloni. Kwa bethidei ya mzee wa wakati huo, robo saa inatosha kumhamisha siku ikiwa programu ni mbovu.

Samoa walipoteza siku nzima. Mwaka 2011 walihama upande wa mstari wa tarehe, wakalala Alhamisi 29 Desemba na kuamka Jumamosi 31. Aliyezaliwa tarehe 30 Desemba, mwaka huo hakuwa na bethidei, na safari hii kosa halikuwa la programu.

Je, wajua kwamba ukimwingiza rafiki kwenye simu ya Apple bila kutaja mwaka wake wa kuzaliwa, faili lake linaweza kutoka limeandikwa 1604? Si utani. Programu inahitaji mwaka wowote ili tarehe ikamilike, na 1604 ulichaguliwa ukaambatana na alama inayosema "mwaka huu usionyeshwe". Ulikuwa mwaka mrefu, kwa hiyo hata 29 Februari inakubalika. Faili hilo likifunguliwa na programu isiyoielewa alama ile, rafiki yako anageuka kuwa na umri wa zaidi ya miaka 400. Outlook yenyewe, mahali pasipo na tarehe, huandika 1 Januari 4501. Programu nyingine huweka sifuri, na kwa Unix sifuri ni mwanzo wa 1970 kwa saa za dunia: saa tisa usiku wa kuamkia 1 Januari kwa Dar es Salaam, na bado 31 Desemba 1969 kwa Marekani. Ukiona mtu kazaliwa 31 Desemba 1969, kabla ya kumnunulia keki uliza kwanza.

Tangu Agosti 2011 kanuni ya kadi za majina, vCard ya 4.0, inaruhusu kuandika mwezi na siku bila mwaka. Ilileta pia mahali rasmi pa kumbukumbu ya ndoa.

Tarehe 1 Januari ina hadithi yake. Wakimbizi wengi waliohamishiwa Marekani, wakiwemo Wakongo wazungumzao Kiswahili, wana 1 Januari kwenye karatasi zao kwa sababu fomu ilitaka siku na mwezi, na wao walijua mwaka tu, au msimu tu. Kalenda ya mjomba wa huko inaweza kumlipukia kwa pongezi kumi asubuhi ya mwaka mpya. Wako wanaoichukulia siku hiyo kama yao kweli na wako wanaokerwa nayo. Ukiwa na ndugu wa hivyo, muulize anapenda akumbukwe lini, uandike hiyo.

Wajua kwa nini bethidei ya mtu mmoja hutokea mara tatu? Kila tukio lina namba yake ya utambulisho. Majina mawili yakilingana na namba zikatofautiana, kalenda inaona matukio mawili. Moja limetoka kwenye orodha ya majina, la pili uliliandika mwenyewe, la tatu lililetwa na simu ya zamani. Tafuta chanzo na ubakize kimoja. Wengi walikuwa wakitegemea Facebook kuwaletea bethidei za marafiki kwenye kalenda, hadi njia hiyo ilipofungwa mwaka 2019.

Google waliruhusu kuandika bethidei moja kwa moja ndani ya kalenda, bila kupitia orodha ya majina, mwaka 2024. Tukio la aina hiyo huwa la siku moja nzima, la faragha, na halionyeshi kwamba una shughuli. Faragha hiyo ina maana yake. Tarehe kamili ya kuzaliwa ni mojawapo ya maswali anayoulizwa mtu anapopiga simu benki, na kalenda ya familia ikishirikishwa kwa kikundi kizima, jibu hilo liko mezani. Mwezi na siku vinatosha kwa keki.

Kikumbusho kikilia asubuhi ya siku yenyewe kimechelewa. Zawadi ya kutuma kwa basi la usiku inataka wiki. Ritani za kodi za Kenya, ambazo mwisho wake ni 30 Juni, zinataka mwezi, kwa kuwa wiki ya mwisho kila mtu yuko kwenye mtandao ule ule. Kanuni inaruhusu vikumbusho vingi kwa tukio moja. Weka viwili, kimoja cha kujiandaa na kimoja cha siku.

Na hili la haraka: ukiwa na watu 23 tu katika kikundi, uwezekano wa wawili kushirikiana bethidei unapita nusu. Wakifika 70, ni karibu hakika.

Je, wajua kwamba Jumanne 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kompyuta zinazohesabu sekunde kwa biti 32 zitafikia mwisho wa hesabu na kurudi mwaka 1901? Simu za sasa nyingi zina biti 64 na zimevuka hatari hiyo, ila vifaa vya zamani vinaweza kukataa tukio lolote la baada ya siku hiyo. Kuna njia rahisi ya kujaribu kalenda yako: ifungue Aprili ya mwaka huo. Pasaka haiwezi kuwa kabla ya 22 Machi wala baada ya 25 Aprili, na mwaka 2038 itaangukia 25 Aprili yenyewe, jambo ambalo halijatokea tangu 1943. Hiyo ina maana Jumatatu ya Pasaka itakuwa tarehe 26, Siku ya Muungano, kwa mara ya kwanza tangu Tanganyika na Zanzibar ziungane mwaka 1964. Mwaka 2011 zilikaribiana, zikapishana kwa siku moja na wafanyakazi wakapata mapumziko mawili mfululizo. Mwaka 2038 watapata moja.